Friji liliandikwa digrii 4: barua ya wazi kwa mnaotusimamia wodini

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri, Waganga Wafawidhi, na ninyi Mamatroni na Mapatroni wa hospitali zetu,

Shikamooni.

YAH: NAMNA MNAVYOTUONGOZA NA KAZI TUNAYOIFANYA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 17 kazini, yote katika vituo vya afya na hospitali za wilaya, na zaidi ya nusu yake nimeitumikia leba. Nimepita chini ya mainchaji saba, yaani wauguzi wasimamizi wa wodi. Leo siandiki kudai posho ya sare wala malimbikizo. Hayo yapo, na barua zetu mnazo maofisini. Naandika kuhusu jambo moja ambalo kwa miaka yote hii sijawahi kuliona kwenye ajenda ya kikao chochote nilichoitwa.

Nianze na friji.

Leba niliyokuwa nafanyia kazi wakati huo ilikuwa na friji dogo jeupe, pembeni ya kabati la dawa, na humo ndimo tulimotunza oksitosini. Kwa asiye wa fani yetu: hiyo ndiyo sindano anayochomwa mama mara mtoto anapotoka, uniti 10 kwenye paja, ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike. Dawa hii haivumilii joto. Inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8, ndiyo maana mlangoni pa friji panabandikwa fomu ambayo kila zamu inajaza joto ililolikuta.

Wiki mbili kabla ya hayo ninayoyasimulia, mashine ya kupimia presha ilikuwa imekufa mikononi mwa mwenzetu. Alifanya kama alivyofundishwa chuoni: akaandika kwenye kitabu cha ripoti, akamjulisha msimamizi. Kesho yake akapewa barua ajieleze ndani ya saa 24 kwa nini kifaa cha serikali kimeharibika kwenye zamu yake. Barua ile alisomewa mbele yetu wakati wa kukabidhiana zamu, akina mama wakiwa vitandani wanasikia. Mashine yenyewe tuliikuta pale sote, ilikuwa imezeeka hata namba zake zimefutika.

Basi friji lilipokufa, hakuna aliyesema. Sote tuliona kipimajoto kinasoma 19, na sote tuliandika 4. Asubuhi 4, jioni 4, usiku 4. Kila mmoja alikuwa anamwomba Mungu friji lije kugundulika kwenye zamu ya mwenzake. Hata mimi niliandika 4. Mwandiko wangu uko kwenye fomu ile.

Usiku wa siku ya sita alijifungua mama wa uzao wa tano. Akachomwa sindano, na mji wa mimba ukabaki laini kama unga uliozidishiwa maji. Tulimkanda tumbo, tukafungua dripu mbili, tukachoma sindano nyingine kutoka kisanduku kilekile, tukamkimbiza na gari la wagonjwa hadi hospitali ya mkoa. Alipona, baada ya kuongezewa chupa tatu za damu. Siwezi kuapa kwamba kosa lilikuwa la dawa. Mji wa mimba hulegea kwa sababu nyingi, na uzao wa tano ni mojawapo. Ninachokijua ni kwamba niliandika 4, na ninajua kwa nini niliandika.

Faili lile lingefika mezani kwenu, mngeandika maneno mawili: wauguzi wazembe. Tusingekuwa na la kujitetea. Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka uliofuata tulibadilishiwa inchaji. Wauguzi ni walewale, mshahara uleule, upungufu uleule. Friji lilikuwa limetengenezwa. Siku moja dada mdogo aliyeajiriwa karibuni alikuja kukabidhi zamu, akasema mwenyewe, bila kuulizwa: "Mama, usiku nilisahau kufunga mlango wa friji vizuri, nimekuta 12. Dawa za ndani nimezitenga, zisitumike mpaka mfamasia azione." Nilishtuka. Nikamwangalia inchaji. Akamwambia, "Ahsante mwanangu. Mfamasia nampigia sasa hivi," kisha akatugeukia sisi: "Ule mlango una shida gani hata usahaulike?" Ikabainika mpira wa mlango umelegea. Ukabadilishwa wiki ileile.

Huyo mama simtaji jina kwa kuwa sijamwomba ruhusa, ila namna yake ya kufanya kazi naweza kuieleza, maana niliiishi miaka mitatu. Zamu ilikuwa inabadilishana saa 1:30 asubuhi. Yeye saa 1:10 yupo wodini, amevaa sare kama sisi. Ofisini alikuwa haanzi kuingia. Alianza kitanda cha kwanza, anatembea na waliokesha, na swali lake lilikuwa moja kila siku: "Poleni na usiku. Nini kimewakwamisha?" Mkononi ana kaunta buku. Kila tulichosema anaandika, na mbele yake anaandika nani atashughulikia na lini. Glavu zimeisha. Taa ya chumba cha kujifungulia inazimikazimika. Daktari wa zamu aliitwa saa nane usiku akafika saa kumi. Ijumaa analifungua daftari lile mbele yetu, anasoma mstari kwa mstari: hili limekwisha, hili limekataliwa na sababu ni hii, hili bado nalifuatilia. Mara nyingi jibu lilikuwa halipatikani. Lakini tulijibiwa, na mtu anayejibiwa huwa anasema tena kesho.

Asije mtu akadhani huyo alikuwa mpole wa kuchekacheka. Mama akianza kutoka damu alibadilika kabisa. Hakuna kuulizana maoni: "Wewe mishipa miwili. Wewe tumbo. Wewe kimbia maabara na kundi la damu. Wewe andika saa." Sauti kavu, na kila mtu anajua nafasi yake. Mambo yakitulia, mama amelala na mtoto wake, ndipo anatukusanya jikoni kwenye chai na kuuliza nini tungekifanya mapema zaidi, akianza na alichokosea yeye. Mwenzetu mmoja aliyechelewa zamu mara tatu mfululizo alimwandikia onyo kwa maandishi, na tulikubali wote kwamba amestahili. Kwa hiyo viongozi wangu, sisi hatuombi kubembelezwa. Tunaombea kupotea kwa kitu kimoja tu, ile hofu iliyotufanya tuandike 4.

Nilipokwenda kujiendeleza kwa shahada ndipo nikakuta kwamba jambo hili watu walishalichunguza zamani. Mtafiti mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, katika miaka ya 1990 alifuatilia makosa ya dawa kwenye wodi nane za hospitali mbili. Alitarajia wodi zenye timu nzuri na viongozi wazuri ziwe na makosa machache. Vitabu vikamwonyesha kinyume: wodi hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Alipochimba akaona kwamba huenda wauguzi wale hawakuwa wanakosea kuliko wenzao; walikuwa wanasema. Kule kwenye viongozi wakali makosa yalikuwa yanafichwa. Nilisoma ukurasa ule nikakumbuka fomu yetu, safi, 4 kutoka juu mpaka chini.

Naomba mlibebe hilo mnapopokea ripoti za mwezi. Wodi ikiandika kwamba haikuwa na kosa hata moja la dawa, hakuna mgonjwa aliyeanguka kitandani, hakuna kifaa kilichokufa, msiharakishe kuipongeza. Nendeni mkakae nayo.

Kuna utafiti mwingine mkongwe zaidi, wa mwaka 1939, wa Kurt Lewin na wenzake wawili. Hawa hawakuwachunguza wauguzi. Walichukua makundi ya watoto wa kiume wa miaka kama kumi, wakawapa kazi za mikono, na kila kundi likapitia wasimamizi wa namna tofauti: wa amri, wa kushirikisha, na wa kuwaacha tu wafanye watakavyo. Watoto wa msimamizi wa amri walichapa kazi akiwapo. Akitoka nje ya chumba, kazi inalala. Wale wa kushirikishwa waliendelea hata akiwa hayupo. Sasa pigeni hesabu na mimi. Wiki ina saa 168. Kiongozi anayefika kazini Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku, anakuwapo saa 40. Saa 128 zilizobaki hayupo: usiku, Jumamosi, Jumapili, sikukuu. Na leba haina ratiba, akina mama wanajifungua saa yoyote. Uongozi unaofanya kazi ukiwapo tu, unafanya kazi chini ya robo ya wiki.

Niseme sasa juu ya ziara, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo panaponiuma zaidi. Mnajua zinavyokwenda. Kiongozi mkubwa anakuja, msafara, kamera, wananchi wamejaa uwanjani. Anaingia wodini, anakuta wagonjwa wawili kitanda kimoja, au mzee ametumwa akanunue dawa nje. Anageuka kumtafuta wa kumuuliza, na aliye karibu ni muuguzi wa zamu. Maswali anayoulizwa pale ni ya bajeti, ya manunuzi, ya mgao wa vitanda. Hana jibu, atalitoa wapi? Akinyamaza ni kiburi, akijibu ni mdomo. Jioni taarifa ya habari inamwonyesha amesimamishwa kazi, na uwanja unashangilia. Nimewahi kusimama mita mbili kutoka kwa mwenzangu akifanyiwa hivyo. Mikono yake ilikuwa bado na unga wa glavu. Usiku ule walikuwa wawili kwa wagonjwa 34. Nyuma ya msafara ule walikuwapo viongozi wake wa karibu, waliojua kila kitu kuhusu vitanda vile, na hakuna aliyefungua kinywa kusema, "Mheshimiwa, hilo ni langu mimi."

Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake zinaeleza namna ya kumchukulia hatua mtumishi: anaelezwa kosa, anapewa nafasi ya kujitetea, uchunguzi unafanyika. Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo, lina mamlaka juu ya leseni zetu, na muuguzi aliyemdhuru mgonjwa kwa uzembe anatakiwa afike mbele yake. Hatukatai kuwajibishwa. Tunachokiomba kwenu mlio karibu nasi ni siku hiyo msimame mbele.

Najua mwananchi anayesoma hapa ana lake moyoni: mbona wauguzi wenyewe wana lugha chafu? Ni kweli. Nimesikia mama akitukanwa wakati wa uchungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na aliyetukana alikuwa mwenzangu ninayemheshimu. Sitetei. Mama yule hakumkosea mtu. Lakini nimeona pia asubuhi ya siku ile: mwenzangu alikuwa amefokewa mbele ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa sababu ya shuka chafu, akaambiwa hana akili, hajasoma. Saa tano akamfokea mama. Jioni mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka ishirini, akamfokea ndugu wa mgonjwa kwa maneno yaleyale niliyoyasikia asubuhi, neno kwa neno. Mnatupeleka semina za huduma kwa mteja. Ni nzuri, tunajifunza. Ila wodini tunaigiza tunavyotendewa.

Aina nyingine ya uongozi nitaipitia haraka, maana haina mengi: kiongozi asiyekuwapo. Hafoki wala hadhalilishi, ni mtu wa watu kabisa, lakini yuko safarini, yuko kikaoni, amemwachia mtu kukaimu, na anayekaimu anakwambia subiri mwenyewe arudi. Barua inalala miezi. Rosta inatoka tarehe 2 ya mwezi ambao umeshaanza. Aliye na mtoto anayenyonya anapangiwa usiku wiki tatu mfululizo kwa sababu hakuna aliyekaa kuangalia. Waliokuwa wanajituma wanajikuta wanazibeba zamu za wasiojituma, kisha nao wanaacha.

Na mainchaji wenyewe, tuwaonee huruma. Mnawapataje? Kwa ninavyoona ni kwa miaka kazini, au kwa cheti, au kwa sababu mwingine amehama. Mtu amekuwa mkunga hodari miaka kumi, Jumatatu anaambiwa wewe ni inchaji, anakabidhiwa funguo za stoo, leja na simu. Hafundishwi namna ya kupanga rosta ya haki, namna ya kumwita mtu pembeni, namna ya kuongea na aliyefiwa na mgonjwa usiku. Na bado yumo kwenye zamu, anahudumia wagonjwa kama sisi. Anachokifanya ni kumwiga aliyemtangulia. Yule aliyemwandikia mwenzetu barua ya presha alikuwa na yeye ameandikiwa za kwake nyingi tu, aliwahi kunionyesha.

Msinielewe vibaya: uongozi mzuri hauzai wauguzi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliotoka mwaka 2002 huko Marekani ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Ajira lazima zije. Lakini hata walioajiriwa wanakaa pale wanapoongozwa vizuri. Mwaka 1983, Marekani ikiwa na uhaba mkubwa wa wauguzi, wataalamu walizitafuta hospitali ambazo wauguzi walikuwa hawazikimbii, wakapata 41. Yaliyozifanya ziwavute wauguzi hayakuishia kwenye mshahara: viongozi wa uuguzi waliokuwa wakionekana wodini na kusikika kwenye maamuzi ya hospitali walikuwa miongoni mwake. Kwetu huku ombi la uhamisho huandikwa "kumfuata mwenza". Mengine ni kweli. Mengine, sisi tunaofahamiana tunajua anamkimbia nani.

Na nchi yetu imeshafanya mambo makubwa. Kwa takwimu za kitaifa, vifo vitokanavyo na uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16; utafiti wa 2022 ukakuta 104. Namba hiyo imeshushwa na wengi, ila mikono iliyokuwapo saa nane usiku ni ya wauguzi na wakunga. Hata njia ya kutushirikisha si ngeni: Hospitali ya Rufaa Mbeya tangu 2007 ilianza mfumo wa Kaizen kwa msaada wa Wajapani, ambao msingi wake ni kwamba anayeifanya kazi ndiye anayejua inapokwama. Mahali pengine nilipopita, Kaizen imebaki kuwa kubandika lebo kwenye makabati siku moja kabla ya ukaguzi. Vikao vya mapitio ya vifo vya uzazi navyo vina kanuni yake: hatutaji jina, hatulaumu, hatuaibishi. Nimekaa vikao ambavyo kanuni hiyo ilisomwa mwanzoni, na dakika ya tano mwenyekiti akauliza, "Nani alikuwa zamu?" Kikao kikafia pale. Tulikaa saa mbili nyingine tukitazama mezani.

Basi maombi yangu ni haya. Inchaji mpya asikabidhiwe funguo kabla hajafundishwa kuongoza, hata kwa wiki mbili akiwa nyuma ya inchaji mzuri, nao wapo. Barua ya kujieleza isiwe jibu la kwanza kwa mtu aliyekuja mwenyewe kusema kitu kimeharibika. Rosta itoke kabla ya mwezi kuanza. Anayekosolewa aitwe pembeni, milango ifungwe. Na katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, sisi tunapimwa na mnaotusimamia. Wekeni na njia ya wodi kusema inavyosimamiwa, bila jina la aliyesema kujulikana.

La mwisho ni dogo. Mmoja wenu achague usiku mmoja mwezi huu, aje leba saa nane, bila msafara, bila kamera, avae ndara za wodini kama sisi. Avute kiti pale mezani na kuwauliza waliopo nini kimewakwamisha, kisha aandike. Akimaliza, atazame fomu mlangoni pa friji. Akikuta imeandikwa 19, nawasihi, asiulize kwanza nani alikuwa zamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa